Kumburuta majeruhi: maana yake na namna ya kufanya ukiwa peke yako

Kumburuta majeruhi ni kumwondoa mtu aliyepoteza fahamu mahali pa hatari kwa kumvuta akiwa bado amelala, bila kumnyanyua. Neno lenyewe linatia uchungu, maana kwetu huburutwa gunia au gogo, si binadamu. Ndiyo sababu wengi wakimkuta mwenzao amezimia hukimbilia kumtupa begani, kama wanavyofanya zimamoto kwenye picha.

Begani kuna shida. Aliyezimia hajishikilii, mwili mzima umelegea, na kilo 70 zilizolegea huteleza. Ukianguka naye, mmekuwa majeruhi wawili. Tena moshi hupanda juu, kwa hiyo ukisimama wima naye mnaingia palepale penye sumu, ilhali hewa iliyo afadhali iko karibu na sakafu.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya blanketi au shuka nzito. Likunje nusu yake kwa urefu, uliweke ubavuni mwake, upande ule usiosimama wewe. Mgeuze kuelekea kwako, lisukume chini ya mgongo, kisha mrudishe chali na ulikunjue upande wa pili. Lishike kwa mikono miwili karibu na kichwa chake, kichwa na mabega viinuke kidogo, urudi kinyumenyume. Daima anza na kichwa na uvute kwa mstari ulionyooka, ili shingo na uti wa mgongo visipinde. Khanga moja ni fupi na nyepesi kwa mtu mzima.

Huna shuka? Shika nguo yake mabegani, nyuma ya shingo, kichwa chake kikilala kati ya mikono yako. Fungua kwanza kifungo cha juu, kola isimkabe. Kwenye ngazi, mwinue kiwiliwili, pitisha mikono chini ya makwapa yake na ushike mkono wake mmoja mbele ya kifua. Njia hii haitegemezi shingo, kwa hiyo iwe ya mwisho kwa aliyeanguka au kugongwa.

Na hapa nasisitiza: bila moto, moshi, maji yanayopanda au ukuta unaotaka kuporomoka, usimhamishe. Ajali ya bodaboda ikitokea, watu wema humshika majeruhi mikono na miguu wakamrusha ndani ya gari, na shingo iliyovunjika kidogo ikamalizikia hapo. Kama magari yanaweza kuzuiwa, zuieni magari.

Mkishafika penye usalama, tazama kifua na usikilize pumzi kwa sekunde zisizozidi 10. Akipumua vizuri, mlaze ubavu, matapishi yasimzibe. Asipopumua, weka simu chini kwa sauti ya juu, piga 114 ya zimamoto kwa Tanzania au 999 kwa Kenya, na wakati huohuo kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.