Je, wajua kwa nini mwendo uleule humburudisha mmoja na kumtesa mwenzake?

Watu wawili wa rika moja wanatoka alfajiri kukimbia, njia moja na kasi moja. Baada ya dakika kumi mmoja anapiga soga. Mwenzake anatweta na kuhesabu nguzo za umeme. Kesho yake wa kwanza anaamka mapema kuliko jana, wa pili hapokei simu. Mtaani huyu wa pili ataitwa mvivu. Saikolojia ya mazoezi ina maelezo mengine, nami naona ni ya haki zaidi: ingawa walikimbia bega kwa bega, miili yao haikuwa ikifanya kazi moja.

Jibu linaanzia kwenye pumzi. Ukitembea au kukimbia polepole, misuli hupata nguvu kwa kuunguza mafuta na sukari kwa msaada wa oksijeni, na upumuaji hupanda kadiri kazi inavyopanda. Kasi ikizidi, misuli hutegemea zaidi njia ya haraka ya kuvunja sukari. Lakteti, zao la kuvunja sukari hiyo, na asidi huongezeka kwenye damu, na mwili unapoizimua asidi hiyo hutokea kaboni dayoksaidi ya ziada ambayo lazima mapafu yaitoe. Hapo pumzi hazipandi tena taratibu, zinaruka. Wataalamu huiita hatua hiyo kizingiti cha upumuaji. Kwa asiye na mazoea kinaweza kuwa karibu na nusu ya uwezo wake wa juu kabisa. Kwa mwanariadha wa mbio ndefu aliyeiva kinaweza kupita asilimia 80. Basi kasi iliyo chini ya kizingiti cha mmoja inaweza kuwa juu kabisa ya kizingiti cha mwenzake, na kwa macho huwezi kujua.

Kwa muda mrefu watafiti hawakuiona tofauti hii, kwa sababu ya jinsi walivyouliza. Waliwauliza watu wanajisikiaje kabla ya zoezi, kisha wakawauliza tena wakishamaliza na kupumzika. Wengi walisema wanajisikia vizuri zaidi, ikaaminika kwamba mazoezi humfurahisha kila mtu. Mwaka 1989 Charles Hardy na Jack Rejeski wa Marekani walitoa kipimo chepesi cha kuulizia hisia katikati ya zoezi lenyewe: unataja namba, kuanzia +5 kwa anayejisikia vizuri sana hadi −5 kwa anayejisikia vibaya sana. Panteleimon Ekkekakis, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, alifuatilia hisia hizo dakika kwa dakika, na picha ikageuka.

Chini ya kizingiti, watu wengi huona raha. Karibu na kizingiti wanagawanyika: wapo wanaozidi kuchangamka na wapo wanaoanza kuumia, na hapo fikra zina nguvu kubwa, yaani kujiamini, lengo ulilojiwekea, na unavyoyatafsiri mapigo ya moyo wako. Juu ya kizingiti hisia za karibu kila mtu huporomoka, awe shabiki wa mazoezi au la. Likilia la mgambo lina jambo: pumzi, joto na maumivu ya misuli vinatuma taarifa kwamba mwili hauwezi kuendelea hivi kwa muda mrefu, na taarifa hizo huifunika sauti ya fikra. Kumwambia mtu aliye katika hali hiyo "jikaze tu, ni akili" ni kumdai kitu ambacho wakati huo akili yenyewe haina nguvu nacho.

Halafu zoezi linakatishwa, na dakika chache tu baadaye hisia zinapanda juu kwa kasi. Ndiyo maana wale watafiti wa zamani walidanganyika: walifika na maswali yao wakati dhoruba imeshapita. Tena kupanda huko hakufuti kilichotokea katikati. Mwaka 2008 David Williams wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake waliwapima watu wasio na mazoea ya mazoezi hisia zao wakiwa katika zoezi la wastani. Waliojisikia vizuri zaidi siku hiyo ndio waliokuwa wakifanya mazoezi zaidi miezi sita baadaye, na hata mwaka mmoja baadaye.

Utafiti unaonigusa kuliko yote ni ule wa Ekkekakis na Erica Lind, wa mwaka 2006. Wanawake waliachwa wachague wenyewe mwendo kwenye mashine ya kukimbilia. Siku nyingine wakaongezewa kasi kwa asilimia 10 tu juu ya ile waliyoichagua. Kwa wenye uzito mkubwa, nyongeza hiyo ndogo ilitosha kuishusha raha yao. Asilimia 10 ni kiasi ambacho mkufunzi wa gym huongeza kwa kubonyeza kitufe mara mbili tatu, akiamini anamsaidia mteja. Wangapi wamelipia mwezi mzima wakaenda wiki moja, wakabaki kujilaumu wenyewe?

Kizingiti hakihitaji maabara. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza kipimo maarufu cha kujikadiria uzito wa kazi kuanzia 6 hadi 20, akikilinganisha na mapigo ya moyo kati ya 60 na 200 kwa dakika. Kipo pia kipimo rahisi zaidi, cha mazungumzo. Ukiweza kusema sentensi kamili bila kukatwa na pumzi, kwa kawaida uko chini ya kizingiti. Ukianza kutoa maneno mawili mawili, umekifikia au umekipita.

Waliosoma shule za Tanzania wamekutana na kipimo hiki bila kuelezwa. Mchakamchaka wa asubuhi huenda kwa wimbo: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, miguu inapiga pamoja. Kwa maoni yangu wimbo ule hufanya kazi mbili. Kwanza unafunga breki, maana kundi linaloitikia haliwezi kukimbia kasi ya kukata pumzi. Pili unavuta mawazo kutoka kwenye uchovu. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, na matokeo yanaonyesha kwamba katika kazi nyepesi na ya wastani muziki hupunguza uzito wa kazi kama mtu anavyouhisi. Kazi ikiwa kali sana, msaada huo hupungua.

Waongozaji wa Kilimanjaro nao husema "pole pole" tangu lango la kwanza, na wageni wengine hukereka. Lakini kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwendo ambao Moshi mjini ni matembezi ya kawaida, kule juu humvusha mtu kizingiti hata kama ni kijana mwenye afya.

Hata kichwa kilichochoka kinaongeza uzito. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu kazi ngumu ya akili kwa dakika 90 kisha wakawapandisha kwenye baiskeli. Walikata tamaa mapema kuliko siku waliyotazama filamu za hali halisi, ingawa moyo na damu havikuonyesha tofauti ya kueleza jambo hilo. Kazi waliihisi nzito zaidi tangu mwanzo. Anayetoka kazini jioni akaona kilima cha kila siku kimekuwa kirefu, hajidanganyi.

Ukitaka kurudi tena kesho, mpangilio wa kasi nao una uzito. Mwaka 2016 Zachary Zenko, Ekkekakis na Dan Ariely waliwaendeshesha watu baiskeli kwa dakika 15: wengine walianza polepole wakaishia kwa nguvu, wengine walianza kwa nguvu wakapunguziwa hadi mwisho. Kundi la pili lilifurahia zaidi, likalikumbuka zoezi kwa uzuri zaidi, na likatarajia raha zaidi siku ya kurudia. Kwa anayeanza hilo si ruhusa ya kuchomoka mbio akiwa baridi: pasha mwili kwanza, fanya sehemu nzito mapema, kisha legeza hadi utembee. Na kama unatumia dawa za presha za aina inayopunguza mapigo ya moyo, usiitegemee saa ya mkononi ikuambie umefika wapi, kwa sababu namba zake zitasoma chini. Sikiliza pumzi, na zungumza na uliye naye.