Saa nne hadi saa nane: tunakimbia nini tunapoikatisha sala?

Watu wengi wanaokuja kuzungumza nami juu ya maisha yao ya sala huanza na simu. "Mchungaji, simu inanimaliza." Baada ya simu hufuata biashara, kazi za nyumbani, vikao vya harusi, foleni ya kwenda kazini na spika za jirani. Wanachotaka ni mbinu ya kuvinyamazisha vitu hivyo vyote ili hatimaye wapate kusali. Mbinu zipo, na baadhi nitazitaja hapa. Lakini kwa kadiri nilivyofundisha sala na kuongoza mafungo, nimezidi kuamini kwamba jambo hili tunalitazama upande mmoja tu. Tunasema usumbufu unatuvuta. Mara nyingi sisi ndio tunaoukimbilia.

Aliyenifundisha hivyo ni mtu wa karne ya nne, Evagrius wa Ponto. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akatumika kanisani Konstantinopoli, mji mkuu wa dola wakati ule, kisha akauacha mji na heshima zake akaenda kuishi jangwani Misri, kwenye makao ya watawa yaliyoitwa Kellia. Huko ndiko alikofariki mwaka 399. Alikaa katika chumba kidogo, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu, huku chakula chake kikiwa haba. Mtu wa namna hiyo usumbufu ungemtokea wapi? Hata hivyo sijasoma popote maelezo ya kutangatanga kwa moyo yaliyo ya kweli kuliko ya kwake.

Hali hiyo aliiita akedia, yaani kuchoshwa na kukaa mahali pamoja mbele za Mungu. Anasema humvamia mtawa kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, kwa hesabu ileile tunayoitumia sisi, ya kuanzia jua linapochomoza. Kwanza jua huonekana kama limesimama, na siku kama ina saa hamsini. Kisha mtawa huanza kutazama dirishani. Hutoka nje kulitazama jua aone limebakiza kiasi gani kufika saa tisa, saa ya kula. Huangaza huku na huku kama kuna ndugu yeyote anayekuja. Baadaye anaanza kupachukia mahali anapokaa na kazi ya mikono yake, na kuona kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Kama yupo aliyemkosea siku za karibuni, jina lake huja wakati huohuo. Mwisho huwaza mahali pengine ambako maisha yangekuwa rahisi zaidi, na kujiambia kwamba Mungu anapendezwa na watu popote walipo. Kwingine Evagrius anamweleza mtawa wa namna hii akiwa anasoma: anapiga miayo, anageuza kurasa kuhesabu zilizobaki, kisha anakifunga kitabu na kukiweka chini ya kichwa kama mto.

Msomaji, hapo pa dirishani weka simu yako. Utaona hakuna kilichobadilika ila dirisha.

Yohana Kasiano, aliyeishi na watawa wa Misri kisha akayapeleka mafundisho yao kusini mwa Ufaransa ya leo mwanzoni mwa karne ya tano, anaongeza jambo ambalo huwa nalisoma kwa sauti kila ninapokuwa na wazee wa kanisa. Anasema mtawa aliyechoka kukaa hukumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa wa kumtembelea, au mama mcha Mungu aliye peke yake asiye na ndugu wa kumsaidia, na kwamba kwenda huko ni kazi takatifu kuliko kubaki chumbani bila faida. Mgonjwa ni wa kweli. Mama yule ni wa kweli. Ila huyo mtawa amewakumbuka saa ileile sala ilipoanza kuwa ngumu. Kwa hiyo adui wa sala hahitaji kuja na dhambi. Anaweza kuja na daftari la michango ya ujenzi wa kanisa, na ukamfungulia mlango kwa shangwe.

Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Virginia na Harvard nchini Marekani walichapisha majaribio yaliyolitazama jambo hili kwa njia nyingine. Waliwaweka watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila simu, bila kitabu, wakae na mawazo yao tu. Karibu yao palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, shoti ambayo walikuwa wamekwisha kuionja na kusema kwamba wangekuwa tayari kulipa fedha wasipigwe tena. Kati ya wanaume 18, 12 walibonyeza angalau mara moja. Kati ya wanawake 24, walibonyeza 6. Ni kundi dogo, nami silijengei fundisho. Lakini ninapowaona waumini wakigeukia simu mara tu baada ya "Amina", au hata kabla yake, nawakumbuka watu wale. Kukaa kimya na nafsi yako kunauma. Ukikaa kimya mbele za Mungu huumia zaidi mwanzoni, kwa sababu deni ulilokwepa, maneno uliyomwambia mkeo jana, hofu ya majibu ya hospitali, vyote vinapata nafasi ya kusema. Kwa uzoefu wangu, dakika za kwanza za sala huenda vizuri, maana maneno tunayo. Maneno yakiisha, ndipo mkono unapotafuta kitu. Na hapo hasa ndipo sala ilipokuwa inataka kuanza.

Sisemi vyombo vyetu havina hatia. Mwaka 2006 mbunifu mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni mtindo wa ukurasa wa intaneti unaoendelea kushuka bila mwisho. Zamani ukifika chini ya ukurasa ulilazimika kuamua kama unaendelea au unaacha, na sasa uamuzi huo umeondolewa. Raskin mwenyewe amekiri hadharani kwamba anayajutia matokeo yake. Kijana anayeniambia ameperuzi hadi saa saba usiku bila kujua muda umekwendaje, simhesabii uvivu peke yake. Anashindana na kazi ya wataalamu wanaolipwa ili asiache.

Madhara yake rohoni ni yapi basi? Wengi hufikiri ni kupotea kwa muda. Mimi naona muda ni sehemu ndogo. Mtafiti Sophie Leroy mwaka 2009 alionyesha kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na ile ya pili huifanya vibaya zaidi. Sasa mfikirie muumini anayeamka, anasoma jumbe za usiku kucha, anaona fulani amehamaki kwenye kundi la familia, halafu anafungua Zaburi. Amepiga magoti kweli, na dakika zake kumi anazo, lakini nusu yake imebaki inajibizana na shemeji. Akifanya hivyo mwaka mzima, atasema sala imekauka na Mungu yuko mbali.

Jambo la pili ni polepole zaidi, na ndilo linalonitia hofu. Katika mfano wa mpanzi, Yesu anasema "shughuli za dunia, na udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine zikiingia, hulisonga lile neno, likawa halizai" (Marko 4:19). Angalia kwamba mmea ule wa kwenye miiba hauungui kama ule wa kwenye mwamba. Haukosi mizizi. Unabaki umesimama, una majani, ila hauzai. Mkristo wa aina hii hakuna anayemshtukia. Yumo kwenye kwaya, sadaka anatoa, jumuiya haikosi, hata kuhubiri anahubiri. Mchungaji hawezi kumwona kwa kutazama daftari la mahudhurio.

Kwa hiyo dalili ninayoitafuta ninapozungumza na mtu si idadi ya dakika anazosali. Nasikiliza manung'uniko. Martha alipokuwa "akihangaika kwa utumishi mwingi", neno lililomtoka lilimgusa dada yake na Bwana mwenyewe kwa pamoja: "Bwana, huoni vibaya hivyo ndugu yangu alivyoniacha nitumike peke yangu?" (Luka 10:40). Anamtumikia Yesu, na anamshtaki Yesu. Evagrius aliliona vilevile: moyo uliotawanyika huishia kusema upendo umekwisha kati ya ndugu. Mtu akianza kuniambia kwamba hakuna anayejali pale kanisani, kwamba kila kitu ni yeye, simbishii, maana pengine ni kweli. Namuuliza tu mara ya mwisho alikaa lini mbele za Mungu bila kufanya kazi yoyote. Mara nyingi jibu huchelewa kuja.

Evagrius hakuwaambia watawa wake watafute mahali tulivu zaidi, kwani walikuwa jangwani tayari. Aliwaambia wakae. Wasitoke chumbani saa ile. Pia aliwakusanyia mistari mingi ya Maandiko, kila mmoja wa kulijibu wazo fulani linalomjia mtu, ili wazo lijibiwe kwa kifupi na sala iendelee. Ninaowafundisha huwaambia hivyohivyo: saa ile unapotamani kuinuka, ongeza dakika tano. Usizijaze maneno. Likija wazo, chukua mstari mmoja mfupi, kwa mfano "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu", useme kwa sauti ya chini, urudi. Wazo likirudi mara ishirini, rudi mara ishirini. Watu hudhani kurudi huko ni kushindwa kusali, nami huwaambia siku nyingine sala yote ni huko kurudi.

Simu iwe chumba kingine, siyo mfukoni ikiwa imezimwa sauti. Kama unasoma Biblia kwenye simu na uwezo unao, nunua ya karatasi. Kabla ya kuanza, andika kwenye kipande cha karatasi mambo yaliyobaki bila kumalizwa: gesi, ada, kumpigia fundi. Utafiti wa baadaye wa Leroy na mwenzake ulionyesha kwamba mtu akiandika kwa ufupi ameishia wapi na ataanzia wapi atakaporudi, akili huachia kazi ile kwa urahisi zaidi. Nimeona waumini wakisaidika sana na kipande hicho cha karatasi.

Mama mwenye mtoto mchanga asinielewe vibaya. Mtoto akilia, mwinue. Nesi wa zamu ya usiku, mwenye genge anayewahi sokoni alfajiri, anayemwuguza mzazi, hao wana wito ulio mikononi mwao, na Mungu hawangoji mahali pengine. Kupambanua wito na ukimbizi mimi hutumia swali moja: kazi hii iliyonijia sasa, ningeifanya dakika hii kama nisingekuwa nasali? Kwa mtoto anayelia jibu ni ndiyo. Kuangalia nani ameona status yangu, au kupanga upya kabati la vitabu vya kiroho, jibu unalijua.

Neno langu la mwisho ni kwa wazee wa kanisa, wenyeviti wa kamati na viongozi wa kwaya wanaosoma hapa. Makundi yetu ya WhatsApp ni baraka kwa misiba na wagonjwa, na sitaki yafungwe. Lakini tunatuma ratiba ya mazoezi saa kumi na moja alfajiri, na orodha ya waliokwisha kuchanga wakati watu wako kwenye ibada ya familia. Hata lile neno la siku tunalolituma kwa nia njema linamfanya muumini aanze asubuhi yake kwa kuifungua simu. Litumwe jioni, alisome kabla ya kulala na kuamka nalo. Mambo ya michango na mazoezi yasubiri mpaka saa mbili asubuhi, ila msiba na mgonjwa tu ndiyo vipite muda wowote. Halafu katika ibada ya Jumapili, baada ya somo la Injili, tuache kimya cha dakika mbili bila kinanda wala tangazo. Mara ya kwanza watu watakohoa na kutazamana, na mtu wa mitambo atadhani kuna kipaza sauti kilichozimika. Mwambieni mapema, na mwendelee nacho Jumapili zinazofuata.