Sifa bainifu: alama inayotenganisha ua na nduguye

Katika misitu ya Ulaya, chini ya miti, huota maua mawili madogo ya jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu: Viola riviniana na Viola reichenbachiana. Yote yana petali tano za zambarau na majani yenye umbo la moyo, na yote ni mafupi, hayapandi mbali na ardhi. Ukiyaangalia usoni utayachanganya leo na kesho. Sasa ligeuze ua. Petali ya chini imerefuka kwa nyuma ikawa kifuko chembamba mfano wa mkia, na humo ndimo nekta inamokusanyika. Mkia wa riviniana ni mnene, rangi yake imepauka kuliko petali zenyewe, na nchani una kibonyeo. Wa reichenbachiana ni mwembamba, zambarau yake imekolea, na ncha yake haina kibonyeo.

Mkia huo ndio mfano mzuri wa kitu ambacho wataalamu wa mimea hukiita sifa bainifu.

Neno lenyewe linajieleza: bainifu ni yenye kubainisha. Sifa bainifu ni sifa inayotosha, peke yake au ikisaidiwa na nyingine chache, kumwezesha mtu kusema mmea huu ni wa spishi hii, si ile inayofanana nayo. Ili ipewe cheo hicho, lazima itofautiane kati ya spishi na spishi, na papo hapo isibadilike ovyo ndani ya spishi moja. Sharti la kwanza kila mtu analiona haraka. La pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta ubishi.

Rangi, kwa maoni yangu, ni shahidi wa mwisho kuitwa mahakamani. Ndiyo inayovuta jicho kwanza, lakini inaweza kugeuka kwa mabadiliko madogo tu ya urithi, na inafifia ua linavyozeeka. Ukubwa nao hauaminiki. Mmea uliokaa kivulini hupanua majani yake ili uokote mwanga, mwenzake wa mbegu ileile akiwa juani anabaki na majani madogo, magumu. Anayetenganisha spishi kwa kupima majani pengine anapima kivuli tu.

Chukua Hyacinthoides non-scripta, ua la buluu lenye umbo la kengele linalotanda misituni Uingereza wakati wa majira ya kuchipua. Kwa kawaida ni la buluu, lakini hupatikana pia jeupe, hata la waridi, na bado ni spishi ileile. Nduguye, Hyacinthoides hispanica, asili yake ni Rasi ya Iberia na alipelekwa Uingereza kupamba bustani. Naye ni wa buluu. Kwa hiyo rangi ya petali haitoi jibu. Kinachosaidia ni namna shina linavyosimama: la non-scripta huinama nchani, na kengele zake nyingi zinaning'inia upande mmoja, la hispanica limesimama wima, na kengele zimelizunguka pande zote. Kisha chungulia ndani ya kengele ambayo haijazeeka. Chavua ya non-scripta ni nyeupe ya maziwa. Ya hispanica mara nyingi ina ubuluu. Ajabu kidogo, rangi tuliyoifukuza mlangoni imerudi kupitia dirishani, ila safari hii ni rangi ya chavua. Basi kosa halikuwa kutazama rangi. Kosa lilikuwa kutazama rangi ya kiungo kinachobadilikabadilika.

Ugumu unaanza ndugu hawa wanapozaana. Chotara wao, Hyacinthoides × massartiana, huzaa mbegu zinazoota, kwa hiyo huweza tena kuchanganyika na wazazi wake. Matokeo yake ni mlolongo wa mimea: huyu ameinama kidogo, yule amesimama lakini chavua yake imepauka, wa tatu harufu tamu ya non-scripta imebaki nusu. Mbele ya mimea kama hiyo alama moja haisemi kitu. Inabidi alama kadhaa zisomwe pamoja: shina, chavua, harufu, upana wa jani, na jinsi ncha za petali zilivyojikunja nyuma. Zikikataa kukubaliana, huenda mbele yako yuko chotara.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi kuhusu sifa bainifu kinatoka Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani mmea mdogo wa msituni wenye maua ya zambarau. Mwaka 1893 Hermann Wendland aliupa jina Saintpaulia ionantha. Ionantha maana yake ni mwenye maua kama ya Viola, ingawa mimea hii miwili haina undugu wa karibu. Kufanana kwao ni kwa sura tu. Baadaye ilikusanywa mingine mingi kutoka milima ya Tanzania na sehemu chache za Kenya, na kufikia miaka ya 1960 zilihesabiwa spishi takriban 20.

Zilitenganishwaje? Kwa kiasi kikubwa, kwa vinyweleo vya jani. Liweke jani la Saintpaulia chini ya lenzi utaona msitu mwingine: kuna vinyweleo virefu na vifupi, vingine vimesimama wima, vingine vimelala juu ya ngozi ya jani, na kwenye baadhi ya mimea vya kila namna vimechanganyika. Ni alama nzuri kuitazama, na ilionekana imara. Tatizo ni kwamba spishi nyingi kati ya hizo zilielezwa kutokana na mimea michache iliyokuzwa ndani ya vibanda vya kioo Ulaya, tena yenye asili ya mahali pamoja au pawili. Ukiwa na mimea mitano ya ukoo mmoja, kila sifa inaonekana haibadiliki. Mimea mingi zaidi ilipochunguzwa, zikapatikana za katikati, zenye vinyweleo visivyokubali kuingia upande wowote. Uchunguzi wa DNA nao ukaonyesha kwamba nyingi za Usambara na tambarare za karibu yake zinatofautiana kidogo mno.

Mwaka 2006 orodha ikapunguzwa hadi spishi 6, na nyingi za zamani zikawa nususpishi, yaani vikundi vidogo ndani ya spishi moja, za ionantha. Mwaka 2015 jenasi yenyewe ikaingizwa ndani ya Streptocarpus, jenasi ndugu iliyo kubwa zaidi. Vinyweleo havijatupwa. Bado vinasaidia kutambua nususpishi, na huko nako vinahitaji kusomwa pamoja na shina, kama linatambaa au majani yamejipanga duara, na umbo la tunda. Vimeshushwa cheo tu.

Ndiyo maana picha nyingi za maua ya msituni ambazo watu huulizia majina haziwezi kujibiwa. Zimepigwa usoni, petali zimejaa fremu, na alama yenyewe imebaki nje. Viola ipige nyuma, mkia uonekane. Hyacinthoides piga shina zima, halafu ndani ya kengele iliyofunguka karibuni. Saintpaulia piga jani kwa karibu kabisa, juu na chini, na tunda kama lipo, kisha uandike ni mlima gani na ni kwenye mwinuko upi. Ua lenyewe lipige mwisho, kama chaji imebaki.