Saizi 12 ipi hiyo? Dhana potofu na ukweli kuhusu nguo za kike zinazogoma kukaa

Wanawake wengi wakitoka chumba cha kujaribia nguo mikono mitupu wanalaumu mwili. Mapaja makubwa, tumbo limetoka, kifua kimezidi, mimi mfupi mno, mimi mrefu kama mlingoti, yaani kila mtu ana lake la kujisema. Nguo yenyewe hailaumiwi kabisa, wakati nguo ndiyo iliyochorwa na mtu mezani kwa rula na penseli na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Kwa hiyo nimekusanya zile imani ninazozisikia kila mara, nyingine nitazipitia mbio na nyingine nitakaa nazo kidogo maana zinanikera.

Dhana: Mimi ni saizi 12, basi 12 ni 12 popote

Sio kweli hata kidogo. Namba 12 haipimi kitu, sio inchi, sio sentimita, sio kilo, ni jina tu kampuni imeipa nguo yake na kesho ikitaka inalibadilisha bila kukuuliza. Mwanamke yule yule, siku ile ile, kwenye chati za kawaida ni saizi 10 Uingereza, 6 Marekani, 38 Ufaransa, 36 Ujerumani na 42 Italia. Na hapo bado hatujaingia dukani, maana hata ndani ya nchi moja kila kampuni ina chati yake.

Watu wanadhani kuna ofisi mahali inasimamia hizi namba. Marekani walijaribu kweli. Mwaka 1939 na 1940 wizara yao ya kilimo (ndiyo, ya kilimo, mambo ya uchumi wa nyumbani yalikuwa chini yake) ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, kazi ikiongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton. Kasoro ni kwamba waliopimwa walikuwa wa kujitolea waliopewa kifuta jasho kidogo, halafu vipimo vya wasio wazungu havikuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 1958 wakatoa kiwango cha taifa cha saizi, ambacho kampuni hazikulazimishwa kukifuata, baadaye kikafanyiwa marekebisho, na 1983 serikali ikakifuta. Kuanzia hapo kila mtu na lwake.

Na ona namba zilivyohama. Saizi 8 ya mwaka 1958 ilikuwa ya mwanamke mwenye kifua inchi 31 na kiuno inchi 23 na nusu. Huyo dada leo akiingia dukani kule Marekani na kiuno hicho atapelekwa kwenye 0 au 00, kama atapata. Sababu ni biashara, mteja akivaa namba ndogo anafurahi, akifurahi ananunua, basi nguo inapanuliwa na lebo inabaki palepale au inashuka. Sasa wewe uliyetoka duka la namba za kubembeleza ukaingia duka ambalo halibembelezi unaambiwa uchukue saizi mbili juu, unarudi nyumbani umekasirika na unaanza kujinyima chakula, na mwili haujabadilika hata nusu sentimita toka asubuhi.

Dhana: Wanaume hawana hii shida, nguo zao zinaandikwa inchi

Wana nafuu, hilo nakubali, maana inchi ni kitu unaweza kukipima. Ila hata huko kuna usanii. Mwaka 2010 jarida la Esquire lilichapisha vipimo vya suruali za kiume zilizoandikwa kiuno inchi 36 kutoka kampuni mbalimbali, na iliyozidi zote ilikuwa na inchi 41. Kwa hiyo kaka akikucheka mwambie naye apime suruali yake.

Dhana: Nguo za dukani zinakatwa kwa kufuata mwanamke wa wastani

Hii ndiyo naomba tukae nayo, kwa sababu ukiielewa mengine yote yanajieleza.

Kampuni haichukui wanawake elfu ikatafuta wastani. Mara nyingi inachukua modo mmoja wa majaribio, mtu hai, mwenye umbo ambalo kampuni imeamua ndilo la mteja wake. Nguo ya kwanza inashonwa, anavaa, inabanwa hapa inaachiwa pale mpaka imkae yeye. Ikishamkaa, ile pateni, yaani karatasi ya kukatia, inapanuliwa na kupunguzwa kwa kanuni ili zipatikane saizi nyingine zote, tuseme kila saizi inaongezwa sentimita 4 au 5 kifuani, kiunoni na kwenye nyonga, kwa pamoja. Kwa hiyo ukivaa saizi yoyote ile umevaa mwili wa yule modo ukiwa umevutwa au umebanwa. Kama nyonga zako na kiuno chako vinatofautiana kuliko vyake, hakuna saizi itakayokukaa, hata ujaribu rafu nzima, maana tofauti ile imebebwa ilivyo kutoka saizi ndogo mpaka kubwa.

Chukua suruali ya jinzi kwa mtu mwenye mapaja na makalio. Ikipita mapajani vizuri, nyuma kiunoni inaachia, unaweza kuingiza kiganja kizima, ukiinama watu wanaona mpaka chupi. Ukishuka saizi ili kiuno kishike, haipandi. Unavaa mkanda, kitambaa kinajikunja nyuma na kutengeneza uvimbe chini ya blauzi. Sasa kosa liko wapi hapo? Mara nyingi liko kwenye kile kipande cha kiunoni, kimekatwa kimenyooka kama utepe wakati kiuno cha huyu mtu kinaingia ndani juu ya nyonga na kinahitaji kipande kilichopinda. Kukata kilichonyooka ni rahisi na hakipotezi kitambaa. Ndio sababu, hakuna siri nyingine.

Au shati la vifungo. Kampuni nyingi huchora shati kwa mwanamke wa sidiria kikombe B. Mwenye kifua zaidi ya hapo akifunga vifungo vyote, kati ya cha pili na cha tatu panafunguka mdomo, na akikaa ndio kabisa. Akichukua saizi kubwa kifua kinatulia lakini mabega yanashuka mpaka kwenye mkono na shingo inapwaya, anaonekana kaazima. Dawa ya haraka ni kuwekewa kishikizo kidogo cha ndani pale panapofunguka, dawa ya kweli ni kununua linalotosha kifua halafu fundi apunguze mbavuni na kiunoni.

Na umbo lenyewe ambalo matangazo yanatuuzia, kifua na nyonga sawa na kiuno chembamba katikati, ni la wachache. Watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State walichambua maumbo ya wanawake zaidi ya 6,000 Marekani na wakakuta asilimia 8 tu ndio wenye umbo hilo, wakati asilimia 46 walikuwa wamenyooka, kiuno hakijaachana sana na kifua wala nyonga. Mwaka 2008 wizara ya afya ya Hispania nayo ilitoa matokeo ya kupima kwa mashine wanawake zaidi ya 10,000, wakagawa maumbo mafungu matatu, wenye kiuno kilichoingia, wa umbo la kengele na wa umbo la silinda. Matatu! Halafu dukani unakuta moja.

Wanaovaa saizi kubwa ndio wanaonewa zaidi kwenye hii kanuni ya kuvuta. Mtu akinenepa mifupa ya mabega haitanuki kwa kasi ya tumbo, na wawili wenye nyonga sawa mmoja amebeba mbele mwingine nyuma. Kampuni inayojali inachora pateni mpya kwa modo mwingine wa saizi kubwa. Ile isiyojali inavuta tu ya saizi ndogo mpaka mwisho, unapata blauzi ambayo shingo inaanguka begani na mkono bado unabana kwapani.

Dhana: Ukiwa mfupi chukua saizi ndogo

Mfupi na mwembamba ni vitu viwili. Mwanamke wa sentimita 155 anaweza kuwa na nyonga za saizi 18. Tatizo lake ni sehemu zinapoangukia, gauni lina kiuno na kile kiuno kinamkalia kwenye nyonga, suruali iliyobana magotini inabana kwenye kigimbi, mshono wa kifuani uko tumboni. Kukunja pindo hakurekebishi hata kimoja kati ya hivyo. Na mrefu naye ni hivyo hivyo kinyumenyume, tena afadhali ya mfupi maana kitambaa kinaweza kukatwa, kuongezwa hakiongezeki.

Dhana: Jinzi mbili za kampuni moja, saizi moja, lazima zilingane

Ukiwa dukani chukua mbili uzilaze moja juu ya nyingine, kiuno kwa kiuno. Mara nyingi utaona tofauti ya kidole. Kiwandani kitambaa kinapangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa mpigo mmoja, tabaka zinateleza kidogo, halafu mshonaji anakula mshono kidogo zaidi au pungufu. Viwanda vinaruhusu kabisa tofauti ya sentimita moja hivi kiunoni, haihesabiwi kuwa mbovu. Ongeza kufuliwa na rangi, jinzi nyeusi na ya bluu iliyopaushwa zimepita maji tofauti hivyo zimeruka tofauti. Kwa hiyo ile tabia ya kujaribu moja halafu unabeba rangi tatu bila kuzijaribu, acha.

Dhana: Nipime kifua, halafu nitafute nguo yenye kipimo hichohicho

Hii inawaangusha wengi wanaonunua mtandaoni. Kuna chati za mwili na kuna chati za nguo, na muuzaji mara nyingi hasemi yake ni ipi. Kama kifua chako ni sentimita 92 na blauzi ya kitambaa kisichovutika ina 92 kamili, utaivaa ila usipumue wala kunyoosha mkono. Inahitaji nafasi, tuseme sentimita 5 mpaka 10 juu ya mwili kutegemea mtindo. Njia isiyonidanganya mimi ni kuchukua blauzi ninayoipenda, kuilaza mezani, kupima kwapa kwa kwapa na kuzidisha mara mbili, halafu namwuliza muuzaji kipimo cha nguo yake ilivyolazwa vilevile. Akikataa kupima sinunui.

Dhana: Kitambaa cha kuvutika kinamaliza yote

Kinaficha. Kinasaidia upana tu, urefu wa mwili na mahali kiuno kinapokaa hakigusi. Halafu jinzi yenye spandeksi nyingi, yaani ule uzi wa mpira, inakukaa vizuri asubuhi na jioni magoti yametoka na unaipandisha kila hatua. Joto ndio adui yake, mashine ya kukausha na pasi kali vinaua ule mpira na ukishakufa haurudi.

Dhana: Kikombe D ni kifua kikubwa

Herufi peke yake haina maana, inasoma tofauti kati ya mzunguko wa chini ya matiti na wa pale yalipojaa zaidi. D ya mkanda 32 (mkanda ni ule unaozunguka chini ya matiti) inabeba kiasi kilekile cha C ya 34 na B ya 36. Ndio maana mwanamke mwembamba anaweza kuwa D na usimwone na chochote cha ajabu. Wengi wanavaa mkanda mkubwa na kikombe kidogo, mkanda unapanda mgongoni, kamba zinachimba mabega, wanakaza kamba zaidi na mambo yanaharibika zaidi. Kazi kubwa ya kubeba inafanywa na mkanda, kwa hiyo uwe sambamba mbele na nyuma. Sidiria mpya ifunge kwenye ndoano ya nje kabisa, ile iliyolegea, ili mpira ukichoka uwe na pa kusogea ndani.

Dhana: Fundi atarekebisha tu

Atarekebisha kiuno, pindo, mbavu, urefu wa mkono. Mabega ya koti ni kulifumua karibu lote, wengi watakukatalia na wana haki. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza, maana nguo nyingi za kiwandani zimeachiwa mshono mwembamba kuokoa kitambaa, geuza ndani uangalie kabla hujalipa. Kwa hiyo chagua inayokaa mabegani, au mapajani kama ni suruali, kwingine mwachie fundi.

Dhana: Nguo za kike hazina mifuko kwa sababu wanawake hawaitaki

Nani aliulizwa? Mwaka 2018 jarida la mtandaoni la The Pudding lilipima mifuko ya jinzi za kampuni 20, ya mbele ya kike ilikuwa mifupi kwa asilimia 48 kuliko ya kiume na myembamba kwa asilimia 6.5. Nusu, jamani, simu inachungulia nje. Mingine ni ya uongo kabisa, mstari wa uzi na kifuniko. Ila kabla hujakata tamaa na koti jipya, gusa kwa ndani, kama unasikia kipande cha kitambaa kinaning'inia nyuma ya pale palipofungwa basi ni mfuko halali, wamepiga uzi mrefu wa muda ili koti lisipoteze umbo likiwa dukani. Kata uzi mmoja katikati kwa mkasi mdogo, uvute polepole, utafunguka.