Ngao haifuati jina

Kila nikitaja kazi yangu ya kusoma nembo za ngao, hakosi mtu wa kutoa simu anionyeshe picha: ngao nyekundu yenye simba, chini yake limeandikwa jina la ukoo wa Kiingereza, tuseme Smith, imenunuliwa duka la watalii. Anataka nimtafsirie. Simba hana shida, lakini mimi huuliza kwanza: ngao hii alipewa nani? Maana Uingereza hakuna ngao ya jina. Ngao hupewa mtu kwa hati, ikarithiwa na wazao wake. Kina Smith wengine, hata wakiishi naye mtaa mmoja, hawana chao pale.

Watu walikuwa tayari kushtakiana kwa ajili ya haki hiyo. Mwaka 1385 mfalme Richard II aliongoza jeshi kwenda Scotland. Humo jeshini Sir Richard Scrope wa Bolton akamkuta Sir Robert Grosvenor wa Cheshire amebeba ngao ileile yake: uwanja wa buluu, ukanda mmoja wa dhahabu umekatiza mshazari. Basi, hakuna kingine. Mtu aliyevaa chapeo ya chuma uso wake hauonekani, kwa hiyo ngao ndiyo iliyomtambulisha. Wakafikishana mbele ya mahakama ya kijeshi iliyosikiliza mashauri ya ngao, na mashahidi wakaitwa kwa mamia.

Mmoja wao alikuwa mshairi Geoffrey Chaucer, mwaka 1386. Alisema alimwona Scrope na ngao hiyo Ufaransa, katika vita ambavyo yeye mwenyewe Chaucer alitekwa. Kisha akasimulia kwamba alipokuwa akipita Friday Street, London, aliiona imetundikwa nje ya nyumba ya wageni. Akauliza kama kina Scrope ndio waliofikia hapo. Akaambiwa la, ni ya Sir Robert Grosvenor. Akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia Grosvenor huyo au ukoo wake. Sijui wakili angemuuliza nini zaidi!

Hukumu ya 1389 ilimpa Scrope ushindi, Grosvenor akaruhusiwa kuendelea na ngao hiyo kwa kuizungushia ukingo wa fedha. Hakuridhika, akakata rufaa kwa mfalme, na hapo ndipo alipopoteza vyote: mwaka 1390 mfalme aliamua kwamba ukingo mtupu unafaa ndugu wa damu, si mtu baki. Grosvenor akahamia kwenye mganda wa ngano wa dhahabu. Ukoo wake haukusahau. Mwaka 1880 mzao wake, mwenye cheo cha Duke wa Westminster, alishinda mbio za Derby kwa farasi aliyeitwa Bend Or, yaani ule ukanda wa dhahabu.

Kinachomilikiwa hasa ni maelezo ya ngao kwa maneno, si mchoro wenyewe. Mchoraji yuko huru kuchagua buluu yake na kumnenepesha simba apendavyo, mradi maelezo yasivunjwe.

Hati hizo Uingereza hutolewa na College of Arms, ofisi ya nembo za ngao iliyoanzishwa 1484, ila kumshika anayejipachika ngao ni kazi. Mahakama ile iliyowaamua Scrope na Grosvenor ilikaa 1954, jiji la Manchester lilipoishtaki kampuni ya ukumbi wa burudani iliyotumia nembo yake, na kabla ya hapo haikuwa imekaa tangu 1737. Jiji likashinda. Scotland ni wakali zaidi: kwa sheria ya 1672 ngao lazima iandikishwe, na mahakama ya Lord Lyon, afisa mkuu wa nembo huko, ina mwendesha mashtaka wake.

Kenya nayo ina sheria ya namna hiyo tangu 1968, na ofisi yake iko chini ya Mwanasheria Mkuu. Sheria ya kaunti inakataza nembo ya kaunti kufanana na ya taifa, kwa hiyo msanii asimrudie yule jogoo mwenye shoka. Mimi ningeongeza katazo la pili: kurundika mlima, ng'ombe, majani ya chai na ziwa ndani ya ngao moja, hadi ikibandikwa mlangoni mwa gari la kaunti, aliyesimama ng'ambo ya barabara haoni ila madoa.