Muhuri wa "Si Kweli" kwenye Madai ya Tiba: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, shangazi yangu wa Mbagala alituma picha ya skrini kuhusu kujifukiza nyungu kama tiba ya korona. Picha ilikuwa imekatwa, ukabaki muhuri mwekundu wa "si kweli" unaopigwa na wahakiki wa habari, na nusu ya kichwa cha habari. Vijana wakafunga mjadala, wazee wakanuna. Nilipoitafuta makala nzima nilikuta imeeleza kwamba mvuke unaweza kuleta nafuu kwa mtu aliyeziba pua, ila hauui virusi mwilini, na kwamba sufuria ya maji ya moto ikipinduka huunguza vibaya. Maelezo hayo, ambayo shangazi angeyapokea bila ubishi, ndiyo yaliyokatwa.

Dhana potofu: dai likishapigwa muhuri, limekwisha.

Ukweli ni kwamba mhakiki hupima dai mahususi kwa ushahidi uliopo siku anapoandika. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake wa barakoa tarehe 5 Juni 2020, likazitaka serikali kuwahimiza wananchi kuzivaa palipo na msongamano na maambukizi yaliyoenea. Makala ya Aprili iliyonukuu ushauri wa awali haikuwa uongo, lakini ikisambazwa Julai bila tarehe inapotosha. Mei 2021, PolitiFact, taasisi ya uhakiki wa habari ya Marekani, iliondoa kwenye orodha yake hukumu kali iliyoitoa Septemba 2020 juu ya dai kwamba virusi vya korona vilitengenezwa maabara, ikakiri kuwa jambo hilo lina ubishi mpana kuliko ilivyodhaniwa. Kuondoa hukumu hadharani namna hiyo kwangu ni dalili njema, kwa sababu anayesambaza sauti za WhatsApp za "daktari mmoja bingwa" hajawahi kurudi kusahihisha.

Dhana potofu: wahakiki ni waandishi wa habari tu, kwa hiyo majarida ya kitabibu yakisema, wao wanyamaze.

Hapa historia inakata pande zote mbili. Utafiti wa Andrew Wakefield uliohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, uliotumia watoto 12 tu, ulichapishwa na jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 1998 na haukufutwa mpaka 2010. Aliyefukua udanganyifu wake ni mwandishi wa habari, Brian Deer. Kwa upande wa pili, Novemba 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchunguzi kuhusu kasoro za Ventavia, kampuni iliyosimamia vituo 3 kati ya 153 vya majaribio ya chanjo ya Pfizer, na wahakiki wa Lead Stories wakasababisha makala hiyo kubandikwa onyo la kukosa muktadha kwenye Facebook. BMJ ilimwandikia Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, barua ya wazi kulalamika. Hofu ya wahakiki kwamba wasomaji wangeyatilia shaka majaribio yote ilikuwa na msingi, lakini kwa maoni yangu walikosea kuiadhibu makala kwa namna ambavyo wengine wangeitumia.

Dhana potofu: "hakuna ushahidi" maana yake "haifanyi kazi".

Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyepima ipasavyo. Dawa iliyopimwa ikashindwa, kama haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona waliolazwa, haiko kapu moja na mizizi ya Kariakoo ambayo haijafanyiwa majaribio yoyote. Mhakiki anayezichanganya hizo mbili anastahili kulaumiwa.

Dhana potofu: kama ingekuwa uongo, ingeshakanushwa.

Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji, yaani husomwa na waliomo kwenye mazungumzo tu, kwa hiyo wahakiki kama PesaCheck au Africa Check hawawezi kuusikia mpaka mwanakundi awatumie. Sauti inayozunguka kwa Kiswahili kutoka Mbagala hadi Tegeta inaweza kumaliza wiki nzima bila mhakiki yeyote kuifahamu.