Limefutika, halijapotea: dhana potofu kuhusu faili la Excel

Wiki hii nimeletewa kompyuta mbili zenye kisa kimoja. Wenyewe hawajuani, lakini maneno yao yalifanana kama waliopatana njiani: "Fundi, nilifuta faili la Excel kwa bahati mbaya, nikapakua programu ya kurejesha, imelirudisha vizuri, ila halifunguki." Nimechoka kuyasikia maneno hayo. Mara nyingi faili lilikuwa zima kabisa mpaka dakika ile mwenyewe alipoanza kuliokoa.

"Faili likifutika, harakisha upakue programu ya kurejesha"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Unapofuta faili, Windows haiyagusi yaliyomo. Diski ina daftari lake, ambalo kwenye mfumo wa NTFS huitwa MFT, na humo kila faili lina mstari wake: jina, ukubwa, na mahali data zake zilipolazwa. Kufuta ni kuuwekea mstari ule alama kwamba hautumiki, na kuzitangaza sehemu zile za diski kuwa ziko wazi. Mishahara uliyoingiza mwaka mzima bado imelala palepale. Itaondoka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake.

Sasa hesabu vitu unavyoviandika kwenye diski hiyo unapohangaika. Kwanza kivinjari chako, ambacho kila ukurasa unaofungua ukitafuta programu kinaweka picha na vipande vyake kwenye diski. Kisha faili la kusakinisha. Kisha mafaili mengi yanayomwagwa wakati wa kusakinisha. Halafu programu inakuuliza faili lililopatikana liwekwe wapi, nawe unachagua Desktop, yaani diski ileile! Kila hatua uliyopiga ni jembe jingine kwenye shamba ulilokuwa unatafutia pete yako.

Kompyuta ya pili kati ya zile mbili ni ya mhasibu, mama mtulivu aliyenieleza kila alichofanya bila kuficha. Diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, ambayo data iliyofutwa hukaa muda mrefu isipoguswa. Faili la mikopo lilirudi likiwa na jina lake, tarehe yake na ukubwa wake hadi baiti (chembe ya data) ya mwisho. Excel ikalikataa. Nikalifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Faili la .xlsx ni furushi la ZIP, yaani mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja, kwa hiyo herufi mbili za mwanzo lazima ziwe PK. Hapa nilikuta MZ. Hizo ndizo herufi zinazoanza kila programu ya .exe ya Windows. Nikateremka mistari kadhaa, nikasoma jina la programu yenyewe: ni ileile aliyoipakua imrudishie faili. Ilikuwa imekaa juu ya mikopo yake.

Mstari wa kwenye daftari la diski haukuguswa, ndiyo maana jina na ukubwa vilirudi sawasawa. Kilichokuwa kimebadilika ni kile ambacho mstari ule ulikuwa unakielekezea. Kwa hiyo programu inaposema "limepatikana, hali nzuri", usishangilie mpaka umelifungua.

Kinachotakiwa ni hiki. Tazama kwanza Recycle Bin, dakika moja tu, ukijua kwamba faili lililofutwa kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao wa ofisi kwa kawaida halipiti humo. Kama halimo, zima kompyuta. Usiizime baada ya kumaliza barua pepe moja. Zima sasa hivi. Diski itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, programu ya kurejesha ikae kwenye kompyuta hiyo nyingine, na kinachopatikana kihifadhiwe huko huko. Mimi hutengeneza kwanza picha kamili ya diski, yaani nakala ya kila kilichomo, sekta kwa sekta, kisha nafanya kazi yote juu ya picha hiyo. Nikikosea, diski yenyewe iko vilevile. Kwa flashi ni rahisi zaidi: ichomoe, uiweke mfukoni, usiandike chochote. Na ikikuambia lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, kataa.

Kwenye diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo ndizo zimo kwenye kompyuta nyingi za leo, mambo ni magumu zaidi. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, mfumo ukifuta faili huiarifu SSD kwa amri iitwayo TRIM kwamba sehemu zile hazina kazi tena, na SSD huzisafisha yenyewe, kwa wakati wake, bila kukuuliza. Ukija baadaye na programu yako utapata jina zuri na ndani sifuri tupu. Kwa mwenye SSD, muda wa kutafuta programu ungetumika vizuri zaidi kutafuta nakala, jambo nitakalolirudia chini.

"Excel inajisevu yenyewe"

Kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya. AutoSave, ile swichi ya juu kushoto, inafanya kazi kwa faili lililo kwenye OneDrive au SharePoint tu, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Faili lako likiwa kwenye Documents ya kompyuta au kwenye flashi, swichi imezimwa. AutoRecover ni kitu kingine: kila dakika 10, kama hujabadilisha mpangilio, inaweka nakala ya dharura kwa ajili ya siku programu itakapoanguka au umeme kukatika. Si mbadala wa kubonyeza Ctrl+S. Mimi huishusha hadi dakika 2 kwenye kila kompyuta inayopita mikononi mwangu, na naomba nawe ufanye hivyo leo.

Ukifunga kitabu kipya (faili jipya la Excel) ukabonyeza "Don't Save" kwa bahati mbaya, usikate tamaa. Nenda File, Info, Manage Workbook, kisha "Recover Unsaved Workbooks". Kama kilikuwa wazi muda wa kutosha, nakala inaweza kuwemo, lakini hukaa siku 4 tu. Watu wanakuja kwangu siku ya kumi.

"Hili lenye ~$ mbele ndilo faili langu, limeharibika"

Hapana. Hilo ni faili dogo la baiti 165 ambalo Excel huliweka kando ya faili lako likiwa wazi, na limebeba jina la mtumiaji ili mwingine akilifungua aambiwe nani analitumia. Namba zako hazimo, hata ungelitengeneza mwezi mzima.

Unalopaswa kulitafuta ni jingine. Excel inaposevu haiandiki juu ya faili la zamani moja kwa moja. Inaandika faili jipya la muda kwenye folda ileile, lenye jina la ajabu la herufi na tarakimu nane bila .xlsx, likikamilika ndipo la zamani linaondolewa na jipya linapewa jina lake. Umeme ukikatika katikati, faili hilo la ajabu hubaki. Linakili pembeni, liongezee .xlsx, ujaribu kulifungua.

"Halifunguki, nitabadilisha herufi za mwisho"

Kuandika .xls badala ya .xlsx hakubadilishi kilichomo, kama vile kubandika lebo ya chumvi hakugeuzi sukari. Anza kwa kunakili faili, na kila unachofanya ukifanye kwenye nakala. Kisha ndani ya Excel, kwenye dirisha la Open, chagua faili, bonyeza mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha Open, uchague "Open and Repair". Ikishindwa kutengeneza, jaribu tena na safari hii iambie Excel itoe data tu. Ikishindwa, jaribu LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na mara nyingine inayasamehe makosa ambayo Excel inayakataa.

Bado? Ipe nakala mkia wa .zip na uifungue kama furushi. Hapa mkia unabadilishwa kwa sababu faili kweli ni ZIP. Namba zako ziko xl/worksheets, kwenye sheet1.xml na wenzake, na maneno mengi yako sharedStrings.xml. Nimeshakuta mafaili ambayo kilichoharibika ni faili la mitindo pekee, rangi na mistari, huku namba zote zimesimama. Orodha ya furushi hukaa mwishoni mwa faili, kwa hiyo flashi ikichomolewa kabla ya wakati kinachokatika ni mwisho huo, na vipande vya mbele vinaweza bado kutolewa kimoja kimoja.

Lakini ukilitazama kwa baiti ukakuta 00 kutoka mwanzo mpaka mwisho, basi. Hii hutokea umeme ukikatika baada ya diski kutenga nafasi na kabla data hazijaandikwa. Hakuna programu ya kulipia itakayotoa namba kwenye sifuri. Tafadhali usitoe pesa yako.

"Data zimepungua, lazima ni virusi"

Mara nyingi ni kichujio (Filter) kilichoachwa kimewashwa, kinachoficha baadhi ya mistari. Tazama namba za safu upande wa kushoto: zikiwa za bluu na zinaruka, data zako zipo. Au laha (sheet) imefichwa: bonyeza kulia kwenye majina ya laha, Unhide. Alama za #### kwa kawaida ni safu wima nyembamba tu.

Kupungua kwa kweli kunatokana zaidi na aina ya faili. Ukisevu kama CSV, yaani maandishi matupu, fomula zinaondoka na inabaki laha moja tu, ile uliyokuwa unaitazama. Na .xls ya zamani inaishia mstari wa 65,536, wakati .xlsx inafika 1,048,576. Mwaka 2020 Uingereza, idara ya afya ya umma ilikuwa inapitisha matokeo ya vipimo kwenye umbo la .xls, likajaa, na watu 15,841 waliokutwa na UVIKO-19 wakaachwa nje ya takwimu za kila siku. Hakukuwa na virusi vya kompyuta hapo. Excel ikikuonya unaposevu kwamba baadhi ya mambo yatapotea, soma onyo lile kabla ya kubonyeza Yes.

Virusi vya flashi vinavyogeuza kila kitu kuwa shotikati ni kweli vipo, ila vingi huficha mafaili tu, haviyafuti. Amri ya attrib -h -s -r /s /d *.* ikiandikwa kwenye Command Prompt ukiwa kwenye flashi yenyewe huyaonyesha tena. Usifomati!

"Niko OneDrive, kwa hiyo nina bakapu"

Una usawazishaji. Ukifuta kwenye kompyuta, limefutwa na huko. Ukiharibu fomula, zimeharibika na huko. Kinachokuokoa ni historia ya matoleo: bonyeza kulia kwenye faili, Version history, urudi toleo la juzi. Pipa la OneDrive ya binafsi huhifadhi kilichofutwa siku 30, la Google Drive vilevile. Siku ya 31 usije ukaniuliza. Bakapu ninayoitambua mimi ni nakala iliyo mahali ambapo kosa lako la leo haliwezi kufika.

"Kama faili halipo, data hazipo"

Hapa ndipo nilipomwambia yule mama mhasibu asiondoke kwanza. Namba za Excel huacha nakala sehemu ambazo mwenyewe hakumbuki. Faili jingine lenye fomula zinazovuta kutoka kwenye faili lililopotea huwa limebeba ndani yake thamani za mwisho lilizozisoma; likiuliza kusasisha viungo, kataa. Grafu iliyobandikwa kwenye PowerPoint mara nyingine imebeba kitabu kizima: bonyeza kulia, Edit Data. Viambatisho kwenye barua pepe zilizotumwa, mafaili yaliyopokewa kwenye simu, folda ya Downloads ya mwenzako wa ofisini, hivyo vyote vipekue kabla ya kulia.

Na kuna PivotTable, jedwali la muhtasari ambalo Excel hulitengeneza kwa kujumlisha data. Kwa kawaida inahifadhi ndani ya faili lake nakala ya data zote ilizozijumlisha, hata kama laha ya asili haimo. Nikamuuliza: "Mama, hukuwahi kumtumia mtu muhtasari?" Akafikiri, akasema mwezi uliopita alimtumia bosi ripoti yenye jedwali dogo la jumla, mistari sita tu. Tukaifungua kwenye barua pepe zake zilizotumwa. Nikamwambia abonyeze mara mbili kwenye namba ya mwisho kabisa, Grand Total. Ikafunguka laha mpya, na mikopo ikaanza kushuka mmoja baada ya mwingine, jina, tarehe, kiasi, mpaka mwisho wa mwezi ule. Aliyobaki nayo ni wiki tatu za kuingiza upya kutoka kwenye stakabadhi, na alizianza palepale kwenye benchi langu.